Sura ya Tano: Jani la Kiazi na Moshi wa Jiji

Ikifika saa kumi na moja jioni, majiko ya chipsi ya kijiji cha Gatwekera, Nairobi, yamekwisha kuwaka. Ukishuka kutoka kwenye reli inayokata Kibera na kufuata kichochoro kati ya kuta za mabati, utayakuta kila baada ya hatua chache: jiko la makaa, karai jeusi la mafuta, na ndoo ya viazi vilivyomenywa mapema na kulowekwa ili visigeuke rangi. Mama muuzaji hutoa kiazi majini, hukikata juu ya kiganja bila kukitazama, hukung'uta vipande na kuvimimina karaini. Mafuta huchachatika, mvuke hupanda, foleni husogea. Fundi wa mjengo aliyerudi kwa miguu, mwanafunzi aliyetumwa kutoka nyumbani, mama aliyebeba mtoto mgongoni, wote hungojea chakula kile kile.

Kiazi mviringo, ambacho wengi Nairobi hukiita waru, ndicho zao la pili la chakula nchini Kenya baada ya mahindi. Hulimwa na mamia ya maelfu ya wakulima wadogo katika nyanda za juu: Nyandarua, Meru, Narok, Elgeyo Marakwet, na Nakuru upande wa Molo. Malori hushusha viazi Marikiti, soko la Wakulima, na kutoka hapo husambaa hadi mitaa ya Kibera na Kawangware. Vingi ni vya aina ya Shangi, inayokomaa upesi shambani na kuiva upesi motoni, jambo kubwa kwa mtu anayenunua makaa kwa mkebe.

Kila kiazi kilichomo ndani ya ndoo ya mama muuzaji kililishwa na majani, na majani hayo yalilishwa na hewa. Hewa ile inabadilika. Moshi wa mjini haukomei kwenye mapafu ya watu wa mjini. Jua huugeuza kuwa gesi ya ozoni, upepo huibeba gesi hiyo hadi mashambani, nayo huingia ndani ya jani na kuutoza mmea gharama. Mmea hulipa kwa vitamini C, kwa sukari, na mwishowe kwa uzito wa mavuno. Hasara humwangukia mkulima kwanza, kisha mlaji anayenunua chakula cha siku kwa fedha za siku. Ndiyo maana nashikilia kwamba kusafisha hewa ni sehemu ya kulisha watu, na yafaa kuhesabiwa hivyo katika mipango ya kilimo.

Ozoni ya juu, ozoni ya chini

Wengi wetu tuliisikia ozoni mara ya kwanza darasani, kama tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka hilo limepungua vibaya juu ya Antaktika. Mwaka 1987 mataifa yalitia sahihi Itifaki ya Montreal ili kulinusuru, na sekretarieti inayosimamia itifaki hiyo ina makao yake hapa Nairobi, Gigiri.

Ozoni ya sura hii ni gesi ile ile, atomi tatu za oksijeni zilizoshikana, ila iko mahali pasipofaa: kwenye kimo cha pua ya mtoto na jani la kiazi. Haitoki katika bomba la gari wala dohani ya kiwanda. Huundwa hewani kutokana na vitu vingine viwili. Cha kwanza ni oksaidi za nitrojeni, zinazotoka katika injini za matatu, malori, bodaboda na jenereta, na katika kila moto wenye joto kali. Cha pili ni mivuke yenye kaboni: petroli inayovukiza, rangi za gereji, moshi wa makaa, kuni na takataka zinazochomwa. Jua la mchana huivunja nitrojeni dioksaidi na kuachilia atomi moja ya oksijeni. Atomi hiyo hujishika na oksijeni ya kawaida, na ozoni inazaliwa. Mivuke ya kaboni huuendeleza mzunguko huo, hata ozoni ikarundikana kadiri siku inavyosonga na kufikia kilele alasiri.

Aliyeueleza mchakato huu ni mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa California mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mojawapo ya mambo yaliyowashtua watu wa huko ni hali ya mimea. Kuanzia mwaka 1944 mboga za majani katika mashamba ya kando ya Los Angeles zilionekana zikiungua bila moto na bila ugonjwa uliojulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ozoni yenyewe ilitajwa kuwa chanzo cha madoa kwenye mizabibu na tumbaku. Viazi navyo vilifuata katika orodha, hasa mashariki mwa Marekani, ambako wakulima walikuwa wakiona majani yenye vidoadoa vyeusi kila kiangazi chenye jua kali na hewa iliyotuama.

Nairobi yenyewe si mgeni katika upimaji wa gesi hii. Dagoretti Corner, mwendo mfupi kutoka Kibera na Kawangware, ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Tangu miaka ya 1990, kwa ushirikiano na Uswisi, maputo yenye vipimo vya ozoni yamekuwa yakirushwa kutoka hapo. Kituo hicho kimo katika mtandao wa SHADOZ, ulioanzishwa na NASA mwaka 1998 kuchunguza ozoni ya ukanda wa tropiki. Mwaka 1999 kituo kingine kilifunguliwa kwenye Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, ili kupima hewa iliyo mbali na miji. Ujuzi wa kupima tunao; kinachotakiwa ni kuushusha kutoka angani na mlimani hadi kwenye tuta la viazi.

Uchafu wa mji, maumivu ya shamba

Jambo la kushangaza kuhusu ozoni ni kwamba mara nyingi huwa nyingi zaidi mashambani kuliko katikati ya barabara yenye foleni. Kwenye Ngong Road au Southern Bypass, injini hutoa nitriki oksaidi mbichi, nayo huila ozoni palepale. Anayesimama kando ya lami hudhurika kwa masizi na vumbi laini zaidi ya ozoni. Lakini kadiri hewa hiyo inavyosukumwa mbali na mji, nitriki oksaidi hupungua, mivuke ya kaboni huendelea kupikwa na jua, na ozoni huongezeka. Kwa hiyo anayeishi kilomita nyingi kutoka kwenye msongamano anaweza kupokea sehemu kubwa ya matokeo yake.

Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka upande wa mashariki. Hewa ya jiji husukumwa kuelekea Kawangware, Dagoretti, Ngong, Kikuyu na miinuko ya Limuru, nchi ya mashamba madogo ya viazi, kabichi na maharage. Juu ya hayo kuna ozoni inayotoka mbali. Mioto ya nyika barani Afrika hutoa mivuke inayoizalisha, na gesi ya methani, inayopanda kutoka kwenye majalala kama Dandora, kwenye mifugo na kwenye visima vya mafuta duniani, huinua kiwango chake kote.

Hali ya nyanda za juu nayo huchangia. Ozoni huingia kwenye jani kupitia stomata, vinywa vidogo mno ambavyo mmea huvifungua ili kuvuta kaboni dioksaidi. Mmea wenye kiu hufunga vinywa hivyo, na ozoni hubaki nje. Mmea ulioshiba maji, kwenye udongo mzuri na jua la kiasi, huviacha wazi mchana kutwa. Kwa maneno mengine, shamba lililotunzwa vizuri, lenye mvua ya kutosha, ndilo linalovuta sumu nyingi zaidi. Mkulima aliyefanya kila kitu sawasawa ndiye anayeweza kupoteza bila kujua kilichompata.

Ndani ya jani

Tuiangalie safari ya ozoni kwa karibu. Ikishapita kwenye stomata huingia katika vyumba vya hewa vilivyo ndani ya jani, na hapo hukutana na unyevu unaofunika kuta za seli. Huyeyuka ndani yake na kuzaa vitu vikali zaidi: hidrojeni peroksaidi, superoksaidi na jamaa zao. Hivi hunyang'anya elektroni kutoka kwa chochote kinachogusana navyo. Vikifika kwenye utando wa seli huyaharibu mafuta yanayoujenga, utando huvuja, na seli hufa. Seli za jirani nazo, zikidhani zimevamiwa na ugonjwa, wakati mwingine hujiua zenyewe ili kuuzuia usienee.

Kwa macho, hayo huonekana kama nukta ndogo za kahawia au nyeusi kwenye uso wa juu wa jani, kati ya mishipa, zikianzia kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Baadaye jani hugeuka rangi ya shaba, huwa njano, na huanguka kabla ya wakati. Mkulima anayeziona nukta hizo hufikiria ugonjwa wa bakajani, na si ajabu, kwa maana huo ndio adui anayemjua. Lakini doa la bakajani tangulia huwa na miduara ndani ya miduara na hukua siku hadi siku. Nukta za ozoni hutokea nyingi kwa pamoja baada ya siku za jua na hewa iliyotulia, na hazikui kwa namna hiyo. Dawa ya ukungu haiwezi kuiponya nukta ya ozoni. Na kuna dhara jingine: jani lililodhoofishwa na ozoni hushambuliwa kwa urahisi zaidi na kuvu wa bakajani tangulia, kama majaribio ya Marekani yalivyoonyesha katika miaka ya 1980. Adui mmoja humfungulia mwenzake mlango.

Mmea ulionyimwa vitamini C

Kiazi hakikai tu kikingoja kuumia. Katika unyevu ule ule unaofunika kuta za seli, mmea huweka asidi askobiki, ambayo sisi huiita vitamini C. Ozoni inapoingia, vitamini C huwahi kuipa elektroni kabla haijaufikia utando wa seli. Inapotoa elektroni huchakaa, lakini haitupwi: hurudishwa ndani ya seli, na huko hufanywa upya kwa msaada wa glutathioni na vimeng'enya kadhaa. Sambamba nayo kuna vimeng'enya vinavyozima superoksaidi na vinavyoigawa hidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Vyote hivi kwa pamoja ndivyo wataalamu wanavyoviita antioksidanti, yaani vizuia uharibifu wa oksijeni kali.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa kazi ya vitamini C katika vita hivi ulitoka kwenye kijimea kisicholiwa, Arabidopsis, kinachotumiwa sana maabarani. Patricia Conklin na wenzake, walipokuwa katika Taasisi ya Boyce Thompson iliyoko Cornell, Marekani, waliitia ozoni mimea yenye mabadiliko ya jeni wakitafuta ile itakayoungua upesi. Mmoja uliungua kuliko mingine. Walipouchunguza walikuta una takriban asilimia 30 tu ya vitamini C ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na mmea huo ukawa ufunguo wa kuelewa jinsi mimea inavyotengeneza vitamini C. Swali la hewa chafu lilijibu swali la lishe. Albert Szent-Györgyi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyohusisha kuitambua vitamini hiyo. Miaka 59 baadaye ozoni ilisaidia kuonyesha kwamba mmea unaihitaji kwa ajili ya uhai wake wenyewe, kabla hatujaifikiria sahani yetu.

Ulinzi huo, hata hivyo, una bei. Kuifanya upya vitamini C hula nishati, na nishati hiyo hutoka kwenye usanisinuru. Sukari inayotumika kutengeneza vimeng'enya na kukarabati utando ni sukari isiyoteremka ardhini. Hali ya mmea huo ni hali ya familia inayotoa pesa ya unga kununua dawa: mtoto anapona, lakini chungu kinapungua. Na kwa kiazi hasara hiyo ni kubwa kuliko kwa mimea mingine mingi, kwa kuwa mavuno yake yako chini ya ardhi. Ozoni hupunguza usafirishaji wa sukari kutoka majani kwenda mizizini, hivyo jani linaweza kuonekana la kijani na huku tuta limebaki tupu kuliko inavyostahili.

Kilichopimwa Ulaya

Jaribio kubwa lililoligusa swali hili moja kwa moja lilifanyika Ulaya mwaka 1998 na 1999, likiitwa CHIP. Watafiti katika nchi kadhaa walipanda aina moja ya kiazi, Bintje, kwenye vyumba vilivyo wazi juu na kwenye mashamba ya wazi, wakiipa mimea viwango tofauti vya ozoni na kaboni dioksaidi. Walitaka kujua wingi wa mavuno na pia ubora wake.

Ozoni ilipunguza mavuno, na wanga ndani ya viazi ulishuka. Lakini vitamini C kwa kila gramu ya kiazi iliongezeka kadiri ozoni ilivyozidi, na sukari nyepesi, glukosi na fruktosi, zilipungua. Mama wa chipsi wa Gatwekera angeielewa mara moja maana ya hilo la pili. Sukari hizo ndizo zinazofanya chipsi ziwe nyeusi na chungu karaini, na kiazi chenye sukari kidogo hutoa chipsi zenye rangi ya dhahabu.

Je, basi ozoni ni rafiki? Hapana, na sababu iko katika hesabu nzima. Kupanda kwa vitamini C ni alama ya mmea ulioshtuka. Mlaji hali asilimia, hula kiazi. Viazi vikipungua tutani na bei ikapanda sokoni, vitamini iliyoongezeka kidogo katika kila gramu haimfikii yule aliyelazimika kununua nusu ya alichonunua jana. Wanga uliopungua ni shibe iliyopungua. Tena vitamini hiyo ni rahisi kupotea. Gramu 100 za kiazi kibichi huwa na takriban miligramu 20 za vitamini C, na mtu mzima huhitaji kama 45 kwa siku kwa kipimo cha FAO na WHO. Kiasi hicho hupungua kadiri kiazi kinavyokaa ghalani, huyeyukia kwenye maji ya ndoo kinapolowekwa kimemenywa kwa saa nyingi, na huharibiwa na joto. Aliye na nafasi ya kuchemsha kiazi na ganda lake huokoa sehemu kubwa ya kile ambacho mmea ulikitengeneza kwa shida.

Viazi si peke yao. Tathmini ya dunia iliyochapishwa mwaka 2018 ilikadiria kwamba kati ya 2010 na 2012 ozoni ilipunguza mavuno ya soya kwa takriban asilimia 12, ngano 7, mahindi 6 na mpunga 4. Majaribio ya mimea ya tropiki yaliyofanyika Wales yalionyesha kwamba jamii ya kunde na ngano zinaumizwa, hali uwele na ulezi huvumilia vizuri. Maharage na spinachi vimejulikana kwa muda mrefu kuwa dhaifu mbele ya gesi hii. Hayo yanaigusa Gatwekera moja kwa moja. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, shirika la Solidarités lilieneza Kibera kilimo cha magunia: gunia la udongo lenye nguzo ya mawe katikati na miche pembeni. Spinachi inayopandwa hivyo mlangoni mwa nyumba huvuta hewa ile ile anayoivuta mtoto wa nyumba hiyo.

Yanayowezekana

Lazima kusema ukweli wote: ozoni si adui wa kwanza wa mkulima wa viazi Kenya. Mavuno ya kawaida ni karibu tani 10 kwa hekta au chini, na sababu kubwa ni mbegu duni, mnyauko wa bakteria, bakajani na mvua isiyotabirika. Lakini adui huyu hutofautiana na wengine kwa jambo moja: mkulima hawezi kumpiga peke yake. Kuna kemikali inayoitwa EDU, iliyogunduliwa miaka ya 1970, inayozuia madhara ya ozoni kwenye majani. Imewasaidia watafiti kupima hasara katika majaribio, ila si dawa ya kumwambia mkulima wa Kinangop anunue. Kinga yake halisi iko mikononi mwa watu wengine.

Iko kwanza kwa watafiti wa mbegu. Aina za viazi hutofautiana sana. Norland na Norchip za Marekani zinajulikana kwa kuumia haraka, nyingine huvumilia. Kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kule Tigoni, Limuru, na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao Lima na ofisi Nairobi, tayari hupima aina kwa ukame, joto na magonjwa. Uvumilivu wa ozoni na nguvu ya antioksidanti vinastahili nafasi katika orodha hiyo, na Shangi iwe ya kwanza kupimwa, kwa kuwa tumeweka karibu matumaini yetu yote juu yake.

Iko pili kwa shule. Aina za maharage zinazoumia na zinazovumilia ozoni, zikipandwa bega kwa bega, huonyesha hali ya hewa bila mashine. Mbinu hiyo imetumika Ulaya kwa miaka mingi. Shule moja Kibera, moja Kawangware, moja Limuru na moja Njabini, zikihesabu majani yenye nukta kwa tarehe zile zile, zingewapa wanafunzi sayansi ya kweli na kuwapa wataalamu wa Dagoretti macho mapya mashambani.

Iko tatu, na zaidi ya yote, kwa serikali na kaunti. Kenya ina Kanuni za Ubora wa Hewa. Zitekelezwe: magari yapimwe moshi, takataka zikusanywe Gatwekera kama zinavyokusanywa katika mtaa wa kitajiri wa Kilimani ili zisichomwe kichochoroni, gesi ya kupikia ifikiwe na mwenye kipato cha siku. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na kila basi la namna hiyo linalochukua nafasi ya lile linalofuka moshi huondoa malighafi ya ozoni barabarani. Hatua zote hizi kwa kawaida hutetewa kwa sababu ya afya ya mapafu, na sababu hiyo yatosha. Lakini Wizara ya Kilimo nayo ina haki na wajibu wa kuzidai, kwa sababu kilo za viazi zinazopotea Nyandarua na Limuru ni bajeti yake. Siku wizara hiyo itakapokaa meza moja na wanaopanga usafiri na taka za Nairobi, mkulima na mlaji watakuwa wamepata mtetezi ambaye hadi sasa wamemkosa.